Mtoto Hana Mabawa: Tuwakinge Watoto Wasianguke Madirishani, Tuwashike Mkono Waliofiwa

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumze jambo zito kidogo. Tunazungumza juu ya watoto wanaoanguka kutoka madirishani na mahali pengine pa juu, na tena juu ya wazazi ambao mtoto wao ameshaondoka. Tumeyaweka pamoja kwa sababu yanakwenda pamoja. Anayejua uchungu wa kuzika mtoto ndiye anayejua thamani ya kipande cha chuma dirishani.

Huenda ukauliza: dirisha lina nini huku kwetu? Nyumba zetu nyingi ni za chini. Nyingine ni za udongo na makuti, nyingine za mawe na mabati. Mtoto akianguka kutoka dirisha la namna hiyo atalia, atapanguswa vumbi, basi. Hilo ni kweli. Lakini hebu tuangalie maisha yetu yalivyo. Akina mama wangapi wa huku hutoka alfajiri kwenda kufanya kazi za nyumbani katika maghorofa ya Bamburi, Mtopanga, Kiembeni na Nyali? Wasichana wetu wangapi ni mayaya huko? Watoto wangapi hupelekwa kwa shangazi au kwa mjomba Kisauni shule zikifungwa? Mtoto aliyezoea nyumba ya chini, ambaye kwake dirisha ni mahali pa kupandia na kurukia nje, akifika ghorofa ya tatu haoni tofauti. Dirisha kwake ni dirisha tu. Hapo ndipo hatari ilipo.

KWA NINI MTOTO HUANGUKA

Watu wengi husema, "Mtoto yule alikuwa mtundu." Si utundu. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne ana kichwa kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiegemea dirisha na kuchungulia chini, kichwa humvuta mbele na miguu huachia sakafu. Hana nguvu za mikono za kujirudisha. Tena hajui kimo ni nini. Anamwona mama yake chini akinunua mboga, anataka kumfuata, ni hivyo tu.

Mara nyingi hutokea wakati mtu mzima yupo nyumbani. Yuko jikoni, yuko bafuni, ama ametoka mlangoni kidogo kumlipa mtu wa maji. Hebu tupige hesabu. Mtoto akianguka kutoka ghorofa ya pili, yaani kimo cha mita 6 hivi, hufika chini kwa muda wa sekunde moja tu na chembe. Anapogonga ardhi huwa na mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa, kama mtu aliyegongwa na bodaboda iliyo mbioni. Hakuna mama anayeweza kuikimbilia sekunde moja. Ndiyo maana kumwambia mzazi "chunga mtoto" peke yake hakutoshi. Lazima dirisha lenyewe limchunge mtoto.

Huku pwani tuna jambo jingine: joto. Kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, madirisha huwa wazi usiku na mchana. Na umeme ukipotea feni hazifanyi kazi, kila mtu hufungua hata dirisha ambalo halikuwa likifunguliwa. Kitanda huvutwa karibu na dirisha ili mtoto apate upepo. Mtoto akiamka, ngazi yake ni hicho kitanda.

Msidhani haya ni mambo machache. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti mwaka 2008 kuhusu ajali za watoto. Walisema kwamba katika mwaka 2004 karibu watoto na vijana 47,000 walio chini ya miaka 20 walikufa duniani kwa sababu ya kuanguka. Na katika vifo vyote vya watoto vinavyotokana na majeraha, zaidi ya 95 kwa kila 100 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

WALIVYOFANYA WENZETU WA NEW YORK

Mji wa New York una maghorofa mengi, na wakati mmoja watoto walikuwa wakianguka sana, hasa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1972 idara ya afya ya mji ule ilianza kampeni katika mtaa wa Bronx. Waliipa jina linaloeleweka na kila mtu: watoto hawawezi kuruka. Wafanyakazi wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakizungumza na wazazi. Kila mtoto aliyeanguka, habari zake ziliandikwa na familia ikatembelewa. Na familia zilipewa vizuizi vya chuma vya madirisha bure.

Matokeo yalionekana upesi. Kati ya 1973 na 1975 idadi ya watoto walioripotiwa kuanguka Bronx ilipungua kwa nusu. Basi mwaka 1976 mji mzima ukapitisha sheria: mwenye nyumba ya kupangisha lazima aweke vizuizi katika nyumba yoyote inayokaa mtoto wa miaka 10 au chini yake. Angalieni hapo. Hawakumtwika mzigo mpangaji peke yake. Walisema landilodi pia ana jukumu.

Wala hili si jambo la maskini tu. Mwanamuziki wa Uingereza, Eric Clapton, alikuwa na mwana aliyeitwa Conor, mwenye umri wa miaka 4. Tarehe 20 Machi 1991 mtoto huyo alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya 53 hapo New York, akafa. Dirisha lilikuwa limefunguliwa kwa usafi. Baba yake alikuwa na fedha na jina kubwa, lakini havikumkinga mtoto. Baadaye baba huyo alitunga wimbo wa maombolezo uliojulikana dunia nzima, na akajitokeza katika matangazo ya kuwahimiza wazazi wengine waweke vizuizi madirishani.

Na sisi watu wa pwani jambo hili si geni. Tembea Mji wa Kale wa Mombasa uangalie nyumba za zamani. Utaona madirisha yenye nondo na roshani zenye vizuizi vya mbao. Wazee walijua kujenga dirisha linaloingiza upepo na kumzuia mwizi, na mtoto pia. Ni sisi wa siku hizi tunaoweka kioo kipana kinachotelezeshwa, bila kitu mbele yake.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Haya yafuatayo mzazi, yaya, au mwenye nyumba anaweza kuyaanza leo:

(a) Weka grili au nondo kwenye madirisha yote ya juu. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10. Kipimo rahisi ni ngumi ya mtu mzima: isipite kwa urahisi. Palipopita kichwa cha mtoto, mwili wake utapita.

(b) Vyuma visimame wima. Vikilazwa huwa ngazi ya kupandia.

(c) Katika kila nyumba liwepo dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, na watu wazima wote wajue ufunguo uko wapi. Moto ukitokea mlangoni, ndipo pa kutokea. Tusimkinge mtoto na dirisha halafu tukamfungia ndani ya moto.

(d) Wavu wa mbu si kizuizi. Unazuia mbu, hauwezi kuzuia mtoto. Wazazi wengi hudanganyika hapo.

(e) Ondoa kitanda, kiti, kochi, meza na ndoo karibu na dirisha na kwenye roshani. Jambo hili halina gharama hata senti moja.

(f) Kama grili haijapatikana, fungua sehemu ya juu ya dirisha tu, au mwambie fundi aweke kizuizi ili dirisha la kutelezesha lisifunguke zaidi ya sentimita 10.

(g) Mlango wa roshani na wa ngazi ya kwenda juu ya nyumba, kule tunakoanika nguo, uwe na komeo lililo juu ambalo mtoto halifikii. Mama anayeanika nguo asipande na mtoto asiyeweza kumshika.

(h) Mtoto asicheze kwenye ngazi zisizo na ukingo.

Kwa dada zetu wanaofanya kazi ya uyaya, tuna neno kwenu. Siku ya kwanza ukifika kazini, kabla ya kuulizia sufuria ziko wapi, zunguka ukague madirisha. Ukiona dirisha lililo wazi bila kizuizi, mwambie mwajiri wako kwa adabu, na mbele ya mtu mwingine wa nyumba ile: "Mama, dirisha hili linanitia hofu kwa ajili ya mtoto." Kusema si ujeuri. Wewe ndiye utakayeulizwa siku mambo yakiharibika, basi sema mapema.

Na kwa wapangaji: msiende kwa landilodi mmoja mmoja. Nendeni wote wa ploti pamoja, mkiwa na bei mlizouliza kwa mafundi wa kuchomelea wawili watatu. Landilodi akiona wapangaji kumi wamesimama, na kazi yenyewe imeshapigwa hesabu, ni vigumu kukataa. Wengine hukubali grili ikatwe kidogo kidogo kwenye kodi. Mkikubaliana, andikeni.

SI DIRISHA PEKE YAKE

Huku kwetu Mwakirunge mtoto ana mahali pengine pa kuanguka. Iko miembe na minazi, hasa msimu wa embe, ambapo mtoto hufuata embe la tawi la mwisho. Viko visima visivyo na mfuniko na vyoo vya shimo ambavyo sakafu yake imeoza. Yako matimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, ambayo mvua za masika huyajaza maji. Ziko nyumba za ghorofa ambazo hazijamalizika, na watoto huzifanya uwanja wa mchezo. Na tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018 na taka za mji kuelekezwa huku kwetu, malori ni mengi. Mtoto asiachwe kudandia lori la taka hata siku moja.

Dawa yake ni ile ile: tusitegemee macho peke yake. Kisima kifunikwe kwa mfuniko mzito. Shimo la choo liwe na kifuniko na mlango ufungwe. Timbo lizungushiwe ua wa miba, na mwenye shamba aambiwe mbele ya mzee wa mtaa. Embe ziangushwe kwa upondo na mtu mkubwa.

MTOTO AKIANGUKA

Kama ameanguka kutoka juu na hajitambui, au analalamika shingo au mgongo, usimwinue kwa pupa. Usimtikise ati aamke. Usimpe maji wala chakula. Hakikisha anapumua, bonyeza kitambaa safi mahali panapotoka damu nyingi, na mtafute gari. Anapohamishwa, watu wawili watatu wamwinue pamoja, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, kwenye ubao au mlango. Bodaboda si ya mtoto aliyeumia shingo.

Hata akiinuka na kucheza, mwangalie siku mbili. Mpeleke hospitali upesi ukiona dalili hizi: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, degedege, damu au majimaji kutoka puani au masikioni, mboni za macho zisizolingana, au kulia bila kunyamazika. Kuchua kwa mafuta hakutibu damu iliyovujia ndani ya kichwa. Usingoje asubuhi.

MAKIWA: MTOTO AKIFARIKI

Sasa tuje kwenye upande mwingine. Sisi watu wa huku tunajua kuzika. Habari ikitoka, watu hujaa, sufuria hupandishwa motoni, harambee hufanywa, na nduguze mfiwa hawalali peke yao. Huo ni utajiri wetu, tusiuache. Lakini yako mambo yanayohitaji kurekebishwa.

La kwanza ni makaratasi. Kifo cha ajali huripotiwa polisi, na mara nyingi mwili hupimwa kabla ya kibali cha kuzika kutolewa. Wazazi waliofiwa hawawezi kuzunguka ofisi. Kanisa au jamaa wachague watu wawili wenye subira waende polisi, hospitali na kwa chifu badala yao. Kwa majirani zetu Waislamu, ambao hupenda kuzika upesi, ni vizuri zaidi watu hao watoke mara moja, ili kucheleweshwa kusizidishe uchungu.

La pili ni maneno yetu. Tunapokwenda kuhani husikia watu wema kabisa wakisema, "Usilie, utapata mwingine." Ama, "Mungu amempenda zaidi." Ama, "Afadhali alikuwa bado mdogo." Msemaji anataka kufariji, lakini mama anasikia vingine. Mtoto si kikombe, ati kikivunjika hununuliwa kingine. Na mama aliyempenda mwanawe kuliko roho yake, ukimwambia yuko aliyempenda zaidi akamchukua, unamfanya agombane na Mungu wake. Sema "makiwa" au "pole", kaa kimya, mshike mkono. Mtaje mtoto kwa jina lake. Wazazi wengi huogopa kwamba jina la mtoto wao halitatajwa tena.

La tatu ni lawama. Katika ajali, hili ndilo jambo linaloua nyumba. Baba anamwambia mama, "Ulikuwa wapi?" Mama anasema, "Nilikuambia mwaka jana uweke grili." Wakwe wanaingilia. Yaya anapigwa au anafukuzwa usiku. Basi, wamezika mtoto, sasa wanazika na ndoa. Kama uko uzembe wa kuchunguzwa, polisi wapo kwa kazi hiyo. Jirani na ndugu kazi yao si hukumu. Ukiwa mzee wa familia, sema waziwazi siku ya kwanza: katika matanga haya hakuna atakayemnyooshea mwenzake kidole. Na msimsahau yaya. Naye alimpenda mtoto yule, na mara nyingi naye ni binti mdogo tu aliyeona kitu ambacho hakitamtoka machoni.

Iko lawama nyingine mbaya zaidi, nayo lazima tuitaje. Mtoto akifa ghafla, wengine hutafuta mchawi. Na kidole huelekea kwa bibi au babu mwenye mvi. Katika Kilifi na Kwale wazee wengi wameuawa kwa tuhuma kama hizi, na huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao. Ndugu zetu, mtoto aliangushwa na dirisha lisilo na chuma. Kumuua bibi yake hakutaweka chuma kwenye dirisha lile. Ukisikia minong'ono ya namna hiyo matangani, mweleze mchungaji, imamu au chifu siku hiyo hiyo.

La nne ni akina baba. Tunawaambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Anajikaza, halafu baada ya miezi mitatu tunamwona mangweni kila jioni na tunashangaa. Wanaume wenzake wamfuate, wafanye naye kazi shambani, wampe nafasi ya kusema. Machozi ya baba si aibu.

La tano ni watoto waliobaki. Mtoto mdogo akiambiwa "ndugu yako amelala", ataogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri", atangoja arudi. Mwambie kweli kwa maneno mepesi: amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na tunamlilia. Tena mwambie, "Si kosa lako." Watoto wengi hudhani ni wao waliosababisha, kwa sababu waligombana na mwenzao siku ile. Huenda akauliza swali moja mara kumi. Mjibu mara kumi. Huenda akaanza tena kukojoa kitandani au kukataa shule. Msimpige. Mwalimu wake aambiwe yaliyotokea.

La sita, na ndilo tunaloliona kubwa, ni baada ya matanga. Watu wakishatawanyika, turubai likishakunjwa, nyumba huwa kimya. Hapo ndipo uchungu huanza hasa. Tunapendekeza kila kikundi cha akina mama na kila jumuiya iwe na orodha ya zamu: mtu mmoja aende wiki ya pili, mwingine mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, na siku ya mwaka. Asiende mikono mitupu ya kazi: achote maji, afue nguo, apeleke watoto shule. Na siku ambayo mtoto angeanza darasa la kwanza, au siku yake ya kuzaliwa, mtu akumbuke kupita hapo.

Kama miezi imepita na mzazi hali, halali, haogi, au anasema heri naye afe, huo si uchungu wa kawaida tena. Apelekwe hospitali azungumze na mtaalamu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya bure ya ushauri, 1199. Kwa watoto iko namba 116, nayo ni bure.

ALIYEFIWA HUMJUA ALIYEFIWA

Tumalizie kwa habari moja kutoka Uingereza. Mwaka 1968 familia mbili za mji wa Coventry zilifiwa na wana wao katika hospitali moja, siku zikikaribiana. Simon Stephens, aliyekuwa akihudumu kanisani na katika hospitali ile, alijitahidi kuwafariji wazazi wale. Akaona kwamba maneno yake hayafikii pale ambapo wazazi wenyewe walifikiana. Akawakutanisha. Wakanywa chai pamoja, wakalia pamoja, wakataja majina ya watoto wao bila hofu ya kuchosha wasikilizaji. Mwaka 1969 wakaanzisha chama cha wazazi waliofiwa na watoto, The Compassionate Friends, na baadaye kikaenea nchi nyingi.

Jambo hilo halihitaji fedha wala ofisi. Huku kwetu wako akina mama na akina baba waliozika watoto miaka mitano, kumi iliyopita, nao wanajua njia ile ilivyo. Tunawaomba wakubali kumtembelea aliyefiwa jana. Wanaokubali wampe mchungaji au mzee wa kanisa majina yao, Wakristo na Waislamu, kwani kifo hakiulizi dini.

Na kwa kila msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili chini, tunakuomba jambo moja. Inuka ukaangalie dirisha, kisima na choo cha nyumba unayokaa au unayofanyia kazi. Kikiwepo kiti chini ya dirisha, kivute leo, sio kesho.